Kuuliza Mara Mbili

Wodi ya Wanaume, kitanda cha dirishani
Jumatatu, 3 Machi

Nusu,

Usicheke mwandiko. Kalamu wameifunga kiganjani kwa mkanda maana vidole havishiki. Mama wa mazoezi amesema niandike mistari kumi kila siku, kwa mtu yeyote, ili mkono urudi. Nimekuchagua wewe kwa sababu mwandiko wako mwenyewe hata kuku angeukataa.

Habari ni ile ile. Leo ni wiki ya saba tangu nianguke. Kuanzia kifuani kwenda chini si kwangu tena. Kila asubuhi daktari anapita na pini, ananichoma miguuni, anauliza, "Unasikia?" Siku ya kwanza nilimjibu kwamba yeye namsikia vizuri, ila pini ndiyo siisikii. Hakucheka. Sasa namjibu "bado" tu, anaandika, anakwenda kitanda cha pili.

Simu usipige. Nikiishika inaniangukia usoni. Mpe Dereva barua, yeye huja kuniona kila Ijumaa.

Mistari imepita kumi. Kesho wasije wakasema sifanyi kazi.

Kipimo


Karakana
Jumapili, 9 Machi

Kipimo ndugu yangu,

Barua imefika. Dereva kaileta kwa uso wa tarishi wa serikali, akataka na sahihi yangu. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mwandiko nimeucheka kidogo, siwezi kukudanganya. S yako ambayo watu walikuwa wanasimama barabarani kuitazama ikiwa bangoni, leo imelala chali kama mlevi. Lakini ni S, hakuna atakayeisoma vingine.

Habari za kazini. Lile bango la duka la samani liko vile vile ulivyoliacha siku ile. Uliandika SAMANI IMA, ile RA ya mwisho haikuwahi. Mkubwa hataki mchoraji mwingine aliguse, anasema mkono mgeni utajulikana tu. Basi mtaa mzima sasa unaliita duka la Ima. Juzi mama mmoja kaingia akauliza, "Bi Ima mwenyewe yupo?" Muuza duka akamjibu, "Ametoka kidogo, karibu ukae."

Kuhusu nyumba yako, ondoa wasiwasi. Tumegawana. Mchomeaji anazivunja zile ngazi tatu za mlangoni aweke mteremko wa chuma, na reli ya kushikia pembeni ya kitanda. Dereva amepima kiti cha magurudumu cha hapo wodini Ijumaa iliyopita. Mimi nimepewa nyundo, nabomoa mlango uwe mpana. Dada yako anatupikia na kututukana kwa zamu.

Nitakuja kukuona. Wiki hii nina mafua, na huko hawapendi mtu wa mafua.

Pole sana. Neno lenyewe dogo, lakini sina jingine.

Nusu


Ijumaa, 14 Machi

Nusu,

Mafua yako yamefikisha wiki nane. Hayo si mafua, hayo ni mpangaji.

Mchomeaji amekuja mara tano. Mkubwa amekuja, akalia, akasema ni vumbi. Hata yule muuza rangi tuliyekuwa tunamnunia amekuja na machungwa. Wewe tu. Sikulaumu. Wodi ina harufu, na mimi si wa kutazamika. Nina mpira wa mkojo unaoning'inia pembeni ya kitanda kama chupa ya sampuli. Lakini nauliza tu.

Jumatano alikuja afisa wa usalama kazini, yule wa miwani, kufunga jalada. Kanisomea maelezo ya watu wote, na yako yakiwemo. "Alikanyaga ubao bila kuuliza kama kamba imefungwa." Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamwambia sikumbuki. Ni kweli sikumbuki. Nakumbuka chai ya asubuhi, nakumbuka nakoroga rangi nyekundu, halafu nakumbuka dari la hapa.

Sina ugomvi na maelezo yako. Ulisema ulichokiona. Ila limenikaa. Miaka kumi na tisa napanda juu na kopo la rangi, na sijawahi kukanyaga ubao wa kuning'inia kabla ya kumuuliza mtu wa kamba aliye chini mara mbili. Jina la Kipimo mlinipa nyinyi wenyewe. Mkubwa alikuwa akisema sikuoa kwa sababu ningemuuliza bibi harusi mara mbili, naye angepata muda wa kufikiri. Sasa siku hiyo moja tu nisiulize?

Kwamba uti wa mgongo umeumia, nimeambiwa nikaelewa. Hili la kutouliza ndilo silielewi. Nikifumba macho natafuta mahali nilipouliza, sipaoni. Kama kichwa kiliweza kuangusha kitu kama hicho, sijui sasa nikiamini kichwa hiki kwa lipi.

Wewe ulikuwa chini, ulikuwa na macho. Niambie ilivyokuwa. Nilikuwa na haraka? Tulikuwa tumegombana?

Kipimo


Alhamisi, 20 Machi

Kaka,

Wewe nawe! Mtu katoka kwenye mdomo wa mauti, badala ya kushukuru anauliza ilikuwa saa ngapi. Achana na afisa na jalada lake. Kila mtu ana siku yake. Labda ulikuwa na mawazo, labda jua lilikupiga. Ukikaa unachimba chimba utakutana na nyoka.

Ngoja nikupe ya kucheka. Mchomeaji alikata fremu mpya ya mlango kwa vipimo vya Dereva. Jana wakaazima kiti cha magurudumu wajaribu kama kinapita. Hakipiti. Wakavuta, wakasukuma, wakapaka sabuni. Hakipiti. Mchomeaji akamuuliza Dereva, "Ulipimaje?" Akasema, "Kwa futi, kama watu wote." "Kiti kilikuwa wapi?" "Kimeegemezwa ukutani." "Kimekunjwa?" Dereva akaitazama futi. Kisha akasema, "Kidogo." Mchomeaji akakaa juu ya kifusi, akasema, "Sawa, basi na mwenyewe tutamkunja."

Dada yako kacheka mpaka kashika ukuta. Sijamwona akicheka tangu Januari. Mimi nimeanza kubomoa upya, na safari hii nimepima mwenyewe.

Wiki ijayo tuna kazi ya mbali, bango la kiwanda. Nikirudi nitakuja. Kula vizuri. Sikiliza daktari.

Nusu


Ijumaa, 28 Machi

Nusu,

Umeandika ukurasa mzima na swali langu hujaligusa. Hata hivyo ahsante kwa habari ya Dereva. Nilimwambia leo kwamba nimekunjwa tayari, anipime tena. Akaona haya.

Ameniambia jambo la ajabu. Anasema siku hizi husemi neno "bado". Ukiulizwa kama umekula, unajibu "sijala". Ukiulizwa kama mvua inaendelea, unatoka nje kuitazama kisha unasema "inanyesha". Neno hilo limekukosea nini? Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeharibika.

Mimi nimeacha mazoezi. Mistari hii naandika kwa kuwa ni yako. Hapa kuna ubao laini wanaouweka kati ya kitanda na kiti, unajitelezesha juu yake kwa mikono. Nimetoka ubao mmoja nimeingia mwingine. Mama wa mazoezi anasema, "Kabla ya kuhama, kagua breki za kiti mwenyewe. Usimwachie mtu." Hapo ndipo ninaposhindwa. Nakagua breki, naona imefungwa, na siamini macho yangu. Naitazama mpaka mkono unachoka. Jumatatu nikawaambia waondoe ubao, nabaki kitandani.

Sina huzuni. Hilo ndilo wanaloniuliza kila siku, kama nina huzuni. Sina chochote. Wakileta chakula nakula. Wakinigeuza nageuka. Mvua ikinyesha dirishani naitazama kama naitazamia mtu mwingine.

Ukija, njoo. Usipokuja, sitauliza tena. Inaonekana kuuliza si kazi yangu.

Kipimo


Nyumbani
Jumapili, 6 Aprili

Kaka Nusu,

Nimempa Dereva barua hii kwa sababu wewe ukiniona mlangoni unajifanya unatafuta misumari.

Daktari ameniita. Anasema mwisho wa mwezi huu wataamua. Kaka akiweza kuhama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi chooni, atarudi nyumbani kwake, hiyo nyumba mnayoivunja na kuijenga. Asipoweza, wanampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa kudumu. Nimeiona. Ni safi. Wamekaa kwenye mstari wakitazama ukuta. Kaka yangu akiingia pale hatoki, namjua.

Nguvu anazo, mama wa mazoezi kaniapia. Tatizo ni kwamba hataki, na akiulizwa sababu anasema, "Mimi ni mtu niliyekanyaga bila kuuliza." Wiki mbili sentensi ni hiyo hiyo. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimeleta kiongozi wa dini akamwombea. Kamwambia kiongozi ahsante, akageukia dirisha.

Wewe umefanya naye kazi muda mrefu kuliko niliokaa naye mimi. Barua zako ndizo pekee anazozisoma. Mwandikie kitu. Sijui kitu gani. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Dada


Jumanne, 8 Aprili

Kipimo,

Uliuliza.

Nimeandika neno hilo kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Uliuliza mara mbili, kama kawaida yako.

Ilikuwa hivi. Ulikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi, ubao unaning'inia mbele yako. Ukauliza mara ya kwanza, "Kamba imefungwa?" Nikajibu imefungwa, na ilikuwa imefungwa. Ukabaki pale unakoroga rangi. Hapo likaja lori la mchanga linataka kupita, na mwisho wa kamba ya kulia ulikuwa umekatiza njia yake. Nikaifungua niisogeze. Nilijua hutakanyaga bila kuuliza tena.

Na kweli ukauliza tena. Ulisema, "Kamba bado imefungwa?" Lori lilikuwa linanguruma sikioni kwangu. Mimi nilichosikia ni "Kamba bado?" Nikapaza sauti, "Bado!" Mimi nilikuwa na maana sijaifunga. Wewe ukaelewa kwamba bado imefungwa. Ukakanyaga.

Maneno yako kamili nimeyapata kwa muuza duka wa samani, alikuwa dirishani karibu nawe. Afisa hakumhoji, naye hajui mimi nilimwambia afisa nini.

Hilo la neno, labda ningelibeba. Mtu yeyote wa kamba angejibu hivyo. Nisiloweza kulibeba ni la pili. Walipokwisha kukupakia kwenye gari, afisa alinishika bega akauliza, "Aliuliza?" Damu ilikuwa inakutoka masikioni. Nikasema, "Hakuuliza." Nilidhani hutaamka. Nilijua maiti habishi. Ndivyo nilivyowaza, sikutia chumvi na sikupunguza.

Kisha ukaamka, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kuliko ya jana yake. Sikuwa na mafua. Nilifika mpaka geti la hospitali mara tatu. Mara moja nilifika mpaka mlango wa wodi, nikakuona umelala unatazama dirishani, nikarudi.

Nilisoma barua yako ya breki. Naogopa sana, lakini naogopa zaidi ile nyumba ya mstari aliyonielezea dada yako. Ndiyo maana nimeandika.

Nusu


Alhamisi, 17 Aprili

Kipimo,

Hujajibu, na sikutegemea. Hii ni taarifa tu.

Nilikwenda kwa afisa Ijumaa. Nimebadilisha maelezo. Alivua miwani, akanitazama, akaivaa tena, akaandika. Muuza duka naye ameitwa, amethibitisha. Jalada sasa linasema uliuliza. Nimeomba nakala, nimeiweka humu.

Mkubwa nimemweleza mbele ya wote. Amenitoa kwenye kamba. Nachanganya rangi na kufagia, na nashukuru kwamba sikufukuzwa. Mchomeaji hanisalimii. Dereva ananisalimia lakini anatazama viatu. Dada yako sijamwona, nadhani ni heri kwangu.

Mlango nimeumaliza kabla ya kukuandikia ile barua. Sitakwenda tena kwako bila ruhusa yako.

Nusu


Alhamisi, 24 Aprili

Nusu,

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamwomba Dereva anisomee kwa sauti, nikidhani ikitoka mdomoni mwa mtu nitapata hasira. Alipofika kwenye maiti habishi akaikunja, akatoka nje. Mimi nikabaki nasubiri. Hasira haikuja. Nikajigusa shavu nione kama nalo limekufa. Lilikuwa zima.

Kilichonijia ni kingine. Mama wa mazoezi alipopita nikamwambia, "Niliuliza." Akasema, "Uliuliza nini, baba?" Nikamwambia, "Niliuliza." Nikamwambia na muuguzi. Nikamwambia na mzee wa kitanda cha pili, ambaye masikio yote mawili yamestaafu. Nilikuwa siwezi kunyamaza. Wakadhani nina homa, wakaleta kipimajoto.

Kesho yake nikaomba ubao. Nikakagua breki ya kushoto, nikakagua ya kulia, nikarudia zote mbili. Nikaamini. Nikahama. Nilitoka jasho usoni tu, kwingine halitoki tena. Jumatatu nimehama mara nne. Daktari ametia sahihi, nitatoka mwezi ujao.

Kwa hiyo barua yako imenitoa kitandani. Lisemwe, maana ni kweli.

Sasa na jingine lisemwe. Neno lenyewe sina kesi nalo. Ningekuwa chini mimi, na lori lile, ningejibu vile vile. Lakini wiki kumi na mbili nimelala hapa nikiwa mtu mwingine, mzembe, mtu nisiyemjua, na mtu huyo ulimtengeneza wewe kwa neno moja, ukaniachia nikae naye. Miguu iliondoka yenyewe. Hiki kingine kilichukuliwa. Na kila wiki ulikuwa unaniletea vichekesho. Jina la Nusu tulikupa kwa ajili ya kimo, kumbe ulikuwa unalifanyia kazi.

Nayaandika haya na mkono hautetemeki. Ningependa utetemeke. Nakuchukia kwa akili tu, mwili haushiriki.

Usije. Usiandike mpaka nikuandikie.

Kipimo


Jumatatu, 12 Mei

Nusu,

Nakuandikia kwa sababu kaka amesema ujulishwe, si kwa sababu nataka.

Ametoka jana. Mchomeaji na Dereva wamemleta. Kiti kimepita mlangoni, nafasi ya vidole viwili kila upande. Akapima kwa macho, akauliza nani alipima, nikamwambia. Akasema, "Amepima vizuri," akaingia ndani.

Usidhani hilo linafuta kitu. Mimi mwenyewe nikikukuta barabarani sijui nitakufanya nini, kwa hiyo badilisha njia.

Dada


Nyumbani
Jumatatu, 9 Juni

Nusu,

Mwandiko umenyooka kidogo, utaona. Mkanda nimeutoa, kalamu naishika kwa vidole vitatu. Mwishoni mwa mwezi uliopita Mkubwa alinipandisha kwenye ile mashine ya kunyanyulia watu, na Mchomeaji, na mikanda miwili kiunoni, tukaenda kuandika RA pale dukani. Imechukua asubuhi nzima na R imevimba tumbo. Watu walipiga makofi. Muuza duka akasema sasa Bi Ima amefariki. Niliyaona makofi, nikayajua kuwa ni makofi. Wanasema furaha itarudi polepole. Nawasikiliza.

Hilo silo lililonifanya niandike.

Ngozi yangu kuanzia kifuani haisemi. Nikikalia mkunjo wa shuka siku nzima, sijui. Nikiungua, sijui. Kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu anigeuze aangalie mgongo, makalio na visigino, atafute doa jekundu kabla halijawa kidonda. Kioo kipo lakini mahali pengine hakifiki, na vidole vyangu havitoshi kukishika na kujigeuza pamoja. Dada ndiye alikuwa anaangalia, na siku akiwa kazini, Mchomeaji. Kila asubuhi nauliza, "Vipi?" Wananijibu, "Kuko safi kabisa, kama mtoto mchanga."

Wiki iliyopita nikapata homa. Muuguzi wa kutembelea akanigeuza, akaniambia. Kidonda cha kulalia, upana wa kifuniko cha chupa, kimeingia ndani. Si cha jana. Walikiona siku tisa, Nusu. Wote wawili walikiona. Walikuwa wanakipaka dawa nikisinzia na kuniambia kuko safi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kutabasamu tabasamu na hawakutaka kunivunja moyo. Dada alilia sana. Mchomeaji alisimama pale kama nguzo. Nimewaambia yameisha. Wananipenda, ndiyo shida yao. Mtu anayenipenda akiutazama mgongo wangu anatazama kwanza uso wangu, ndipo anachagua la kusema. Mafuta kwa mgongo wa chupa nimepakwa ya kutosha.

Muuguzi anasema hiki kitapona nikilala kifudifudi wiki sita. Kikifuata kingine kikafika mfupani, naweza kufa nacho bila kukisikia. Kaniambia wazi, nami nikamshukuru.

Nimefikiri nani aangalie. Nimewapitisha wote kichwani, mmoja mmoja, na kila mmoja nimemwona akisema kuko safi. Nimefika kwako nikasimama. Wewe ulishanidanganya ukaona kilichotokea, ukakaa nacho wiki kumi na mbili mpaka ukaja kukitapika mwenyewe bila kukabwa. Sijakusamehe. Nimejipapasa kila mahali nautafuta msamaha, sijaupata, na sitaki kukuahidi nisichokuwa nacho. Ila ninajua jambo moja kuhusu wewe ambalo silijui kuhusu mtu mwingine yeyote hapa duniani: kunificha tena huwezi.

Kwa hiyo njoo. Utanigeuza kwa bega na nyonga, muuguzi atakuonyesha. Utaangalia kila mahali bila haraka. Ukiona kitu utaniambia ukubwa, rangi, kama kinatoa maji, kama kinanuka. Usiniambie pole. Usinichekeshe. Ukimaliza unaweza kunywa chai ukitaka, au ukaondoka.

Dada anajua kwamba nimekuandikia. Hakupenda, lakini amesema atakuachia geti wazi. Njoo kesho saa moja asubuhi, kabla sijavaa.

Kipimo